SIKU MOJA KATIKA VIJIJI VYA KALE

Hotuba ya Mwenezi wa tawi letu la Feri, aliyoisoma mbele ya wanachama juu ya safari ya Kunduchi, Kaole na Bagamoyo. Tunaichapa kama alivyoisema.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, na vijana wenzangu wa Feri na Kariakoo:

Mwezi uliopita mlinipa ruhusa, na mlinipa fedha. Mtu akipewa vitu hivyo viwili na wenzake hana budi kurudi kutoa hesabu. Nimekuja kuitoa.

Mnakumbuka jinsi jambo hili lilivyoanza. Nilisimama hapa nikaomba tawi lisaidie nusu ya gharama ya basi, ili wanachama 27 waende siku moja kutazama vijiji vya kale vya pwani yetu. Mzee wetu mmoja aliyekaa pale nyuma akanijibu, na maneno yake yalinichoma. Alisema: "Bati la ofisi linavuja, mvua ikija tunahamisha meza, nawe wataka tukakodi basi la kwenda kutazama makaburi?" Watu walicheka. Kura zikapigwa, nami nikashinda kwa kura nne tu. Kushinda kwa kura siyo kuwa na haki. Nataka nieleze tuliyoyaona, halafu nirudi kwenye lile bati, kwa maana bati hilo limo ndani ya habari hii kuliko nilivyodhani.

Kwanza niseme kwa nini niliomba.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, maktabani palikuwa na kitabu kikubwa chenye picha za vijiji vya Uingereza. Nyumba za mawe, mapaa ya kale, kijito kinapita, kanisa kwa nyuma. Nilisoma kwamba pale Bibury pana safu ya nyumba ndogo ambazo asili yake ni ghala la sufu la karne ya 14, na katika karne ya 17 zikawa makao ya wafuma nguo. Wala siyo jumba la mfalme. Ni nyumba za watu wa kazi, nazo zimetunzwa hadi leo. Nilisoma pia juu ya kijiji cha Lacock, ambacho mwaka 1944 mwenyewe alikitoa karibu chote kwa National Trust, shirika la kutunza mambo ya kale lililoanzishwa mwaka 1895. Watu huja kwa mabasi, wakatembea kutwa nzima, wakanywa chai, wakarudi makwao wakisema: sisi ndivyo tulivyokuwa.

Kitabu kile nilikipenda, sikatai. Nilipopelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha, nikakichukua darasani nikawaonyesha watoto. Mtoto mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, na sisi vijiji vyetu vya kale viko wapi?" Nikasema viko. Akauliza, "Wapi?" Ndugu zangu, nilikuwa nimezaliwa mjini humu, nimesoma miaka mingi, nina chaki mkononi, na sikuweza kumtajia hata kimoja nilichokiona kwa macho yangu. Nikamwambia tutafika huko somo lijalo. Somo lijalo halikufika. Deni la mtoto yule ndilo lililonisimamisha mbele yenu kuomba basi.

Tuliondoka Feri saa kumi na mbili asubuhi, mnada wa samaki ukiwa umepamba moto. Kabla ya kupanda basi niliwaomba wenzangu wasimame kidogo, kwa kuwa kijiji cha kwanza cha kale ni hapa hapa tunapokanyaga. Kabla ya miaka ya 1860 hapakuwa na mji uitwao Dar es Salaam. Palikuwa na Mzizima, kijiji cha wavuvi na wakulima. Seyyid Majid bin Said wa Unguja ndiye aliyeanza kujenga mji wake kando ya bandari hii katika miaka hiyo, akafa mwaka 1870 kazi haijaisha. Wajerumani wakapafanya makao makuu ya serikali yao mwaka 1891. Waingereza wakauteka mji mwaka 1916. Ng'ambo ya maji, pale Kivukoni upande wa Kigamboni, TANU ilifungua chuo chake mwaka 1961, nacho hivi leo kina jina la Mwalimu Nyerere. Yote hayo yanaonekana au yanakumbukwa kutoka hapa penye magamba ya samaki. Baharia mmoja aliyekuwa nasi alisema amefanya kazi Feri miaka thelathini na hajapata kumsikia mtu akilitaja jina la Mzizima ila kwenye ubao wa duka.

Tukapanda basi, tukashika njia ya Bagamoyo.

Kituo cha kwanza kilikuwa Kunduchi. Wengi wetu twaijua Kunduchi kwa samaki wake na kwa hoteli zake za ufukweni. Lakini karibu na kijiji, katikati ya mibuyu, pana magofu ya msikiti wa mawe ya matumbawe, na kuuzunguka msikiti pana makaburi. Si makaburi kama mliyoyazoea. Baadhi yake yana nguzo za mawe zilizosimama, na kwenye nguzo na kuta zake mafundi wa zamani walipachika mabakuli ya kaure yaliyotoka China. Mawe mengine yana maandishi ya Kiarabu, yenye majina ya wenyewe na miaka yao, na mengi katika hayo ni ya karne ya 18.

Mmoja wetu akauliza: mabakuli yenyewe mbona hayapo? Ni kweli. Mahali pengi utaona shimo la duara ndani ya chokaa, na bakuli limeondoka. Mengine yalivunjika kwa umri, mengine yaling'olewa na mikono ya watu. Shimo linabaki limeduara sawasawa kama jicho lisilo na mboni. Mama mmoja alipitisha kidole ukingoni mwa shimo akasema, "Hili limebanduliwa na mtu mwenye kisu, na alikuwa na haraka."

Hapo nikawaeleza jambo moja. Mwaka 1955, TANU ikiwa na mwaka mmoja tu tangu kuanzishwa, mtaalamu mmoja mashuhuri wa Uingereza, Mortimer Wheeler, aliipitia pwani yetu. Alipoona wingi wa vigae vya China, alisema maneno yenye maana kwamba historia ya Tanganyika tangu karne ya kumi imeandikwa kwa vigae hivyo. Yalikuwa maneno ya heshima, maana siku zile kulikuwa na wakubwa waliofundisha kwamba Mwafrika hana historia hata kidogo. Wheeler aliona kwamba ipo. Lakini yafaa sisi tuongeze swali. Kigae kinatuambia bakuli limetoka China. Na aliyelipia bakuli hilo, alilipia kwa kitu gani? Aliyevua samaki waliopakuliwa humo ni nani? Aliyechoma chokaa, akakata matumbawe, akajenga msikiti, alikuwa mtoto wa nani? Kigae hakisemi. Hayo huyasema watu, kama wapo na kama wameulizwa.

Tukafika Kaole kabla ya adhuhuri. Kaole iko kama kilomita tano kusini ya Bagamoyo. Hapo pana magofu ya misikiti miwili. Ule wa kale zaidi wataalamu wanaufikisha karne ya 13, yaani mawe yake yalipangwa kabla Mreno hajaiona Afrika Mashariki, na kabla ya lile ghala la sufu la Bibury kuwekwa jiwe lake la kwanza. Mwaka 1958 mtaalamu Neville Chittick alifanya uchunguzi na usafishaji pale. Pana makaburi yenye nguzo, pana kisima, pana mbuyu mkubwa mno, na pana kaburi la Sharifa ambako hata leo watu huja kuomba dua.

Lililotushangaza zaidi ni bahari. Haipo. Umesimama katika mji uliokuwa bandari, ukitazama mbele waona mikoko. Mchanga na mikoko vilijaa, mashua zikashindwa kufika, na biashara ikahamia Bagamoyo. Baharia wetu alitembea mpaka ukingo wa mikoko, akarudi na tope magotini. Akasema, "Mji huu haukuuawa na mtu. Maji yaliondoka, na watu wakafuata maji." Nikakumbuka kwamba sisi wa Feri nasi tunaishi kwa maji.

Chini ya mbuyu tulikula mihogo na samaki tuliowabeba, na hapo ndipo ubishi ulipoanza. Kijana mmoja fundi wa Kariakoo alisema waziwazi: "Mwenezi, haya yote ni ya masharifu na masultani. Babu yangu alikuwa mkulima wa Uzaramo, nyumba yake ya miti na udongo, paa la makuti. Mvua mbili tatu imekwisha. Wapi nitaonyeshwa ya babu yangu?"

Swali lake ni zito, na nataka tulijibu vizuri. Uingereza nyumba ya mfuma nguo ilikuwa ya mawe, kwa hiyo imebaki. Kwetu nyumba ya mkulima na mvuvi ilikuwa ya miti, na ilifaa kwa hewa yetu, lakini haingojei miaka mia sita. Mtu akija kutafuta kijiji chetu kwa kutazama kuta tu, atasema hapakuwa na watu. Kijiji chetu hakikai katika ukuta. Kiko katika kisima, katika mti uliopandwa, katika jina la mahali, katika utani wa kabila na kabila, katika masimulizi.

Chukueni mfano wa pwani hii hii. Wazee husimulia kwamba zamani Wakamba waliishambulia Bagamoyo, nao Washomvi wenye mji wakamwendea Pazi Kilama wa Wazaramo awasaidie. Pazi akaja na watu wake, adui akashindwa, na tangu siku hizo Washomvi wakawa wanawapa Wazaramo ada iliyoitwa kanda la pwani. Habari hiyo hutaiona kwenye jiwe la Kaole. Lakini humo ndimo alimo babu wa yule fundi, mkulima wa bara aliyeitwa na watu wa mawe wamsihi awaokoe.

Basi yule kijana akanyamaza kidogo, akasema, "Hilo hakuna aliyenifundisha." Nikamwambia ukweli, kwamba hata mimi sikufundishwa chuoni. Nilisimuliwa na mzee mmoja barazani Kariakoo, nikingoja mvua ipite.

Saa nane mchana tulikuwa Bagamoyo. Hapa nitasema kwa ufupi, maana wengi mmefika. Tuliona Ngome Kongwe, tukaona boma la Wajerumani na mahali misafara ilipofikia, tukaenda misheni iliyoanzishwa na mapadri wa Kikatoliki mwaka 1868, ambako waliwekwa watu waliokombolewa utumwani. Tulisimama kuwakumbuka waliokataa kutawaliwa. Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilipotaka kushika pwani na kutweka bendera yake, watu wa pwani waliinuka. Abushiri bin Salim akaongoza, na Bwana Heri wa Saadani akapigana kwa upande wake. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Miaka kumi na sita baadaye ikaja Maji Maji. Uhuru wa 1961 ulikuwa na mizizi, na baadhi ya mizizi hiyo iko chini ya mchanga wa Bagamoyo.

Lakini, ndugu zangu, chama cha watu wazima hakiwezi kusimulia nusu ya habari. Bagamoyo ulikuwa mwisho wa njia ndefu ya kutoka Ujiji na Tabora. Njia hiyo ilibeba pembe za ndovu, na waliozibeba walikuwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi waliokuja kwa hiari wapate ujira. Njia hiyo hiyo ilibeba pia watu wasio na hiari. Wauzaji wengine walikuwa wageni, na wengine walikuwa sisi wenyewe. Wako wakubwa wa pwani na wa bara waliotajirika kwa shingo za wenzao, na wamo miongoni mwa waliompinga Mjerumani. Tukiwasifu kwa moja tusiwafiche kwa jingine. Na Mjerumani aliyejigamba kwamba amekuja kukomesha biashara ya watumwa aliondoka hapa bila kuufuta utumwa wenyewe. Ulikuja kufutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922.

Pale misheni wanaonyesha mahali mwili wa David Livingstone ulipolazwa mwezi Februari 1874. Livingstone alifia katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, mwaka 1873. Chuma na Susi na wenzao wakaukausha mwili wake, wakaubeba kwa miguu muda wa miezi kadhaa mpaka pwani. Kutoka hapo ukapelekwa London, ukazikwa kwa heshima kubwa Westminster. Mwongozaji alipomaliza kueleza, mmoja wa wanachama wetu, mama mkaanga samaki ambaye wote mnamjua na amenipa ruhusa ya kusema lakini siyo ya kumtaja jina, aliuliza swali dogo. "Na hao waliombeba, makaburi yao yako wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Tukatoka nje.

Mama huyo akanivuta kando karibu na mwembe akaniambia habari ambayo hajaitoa kwa watu. Bibi yake, mzaa mama yake, alifika Bagamoyo akiwa mtoto, ameshikwa mkono na watu asiowajua. Hakupata kujua kwao ni wapi. Alikumbuka mlima mmoja, na wimbo wa kutwanga wenye maneno ambayo hakuna mtu wa pwani aliyeyafahamu. Akakua, akaolewa, akahamia Dar es Salaam, akazaa. Nyumbani watoto walikatazwa kuuliza kabila la bibi. Mtu akiuliza, husema "sisi watu wa pwani", basi.

Mama akaendelea, na haya nayaeleza kama alivyoyasema: "Lakini bibi yangu alikuwa na kadi ya TANU. Aliinunua uzeeni. Kabla ya kadi ile jina lake halikuwahi kuandikwa mahali popote, si msikitini, si serikalini, si kwenye karatasi ya kodi. Alipofariki kadi ilibaki kwa mama yangu, ikiwa ndani ya kopo. Mvua moja nyumba ilivuja, kopo likajaa maji. Tulipolifungua ilikuwa uji."

Wazee wangu, nimesoma vitabu juu ya siasa ya ukombozi, na nimehutubia mikutano. Sijapata kusikia maneno yaliyonieleza kazi ya chama kama hayo. Mwanamke aliyetekwa mtoto, akanyimwa kwao na jina la kwao, alikwenda kwenye meza ya chama, pengine si mbali na hapa tulipo, akaulizwa: mama, jina lako nani? Na mtu akaliandika. Kwenye meza ile hakuulizwa ni mwungwana au mtumwa, ni wa bara au wa pwani. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika mtaa ambao sasa unaitwa Lumumba, na baadhi ya nguvu zake zilikuwa jambo hili dogo la mtu kuandikwa jina lake sawasawa na jirani yake.

Njiani kurudi, jua likizama, nilikuwa nikiwaza juu ya majina. Karibu na Bagamoyo kuna mahali paitwapo Dunda. Huko alitoka Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, na maandiko yake ndiyo sehemu kubwa ya kitabu cha desturi za Waswahili kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Alimwoa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka 1905 walipokuja kukaa nchini wakoloni hawakukubali washuke pwani kama mume na mke. Ikawa kurudi Ulaya, akafia Berlin mwaka 1927. Mtu huyo alifukuzwa na nchi yake mwenyewe ikiwa mikononi mwa wageni. Lakini kwa kuwa alikaa chini akaandika jinsi watu wa kwao walivyooa, walivyozika, walivyovua na walivyolima, leo twajua. Hakujenga nguzo wala hakupachika bakuli la kaure.

Basi likaingia mjini usiku, tukapita ile sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawakumbuka wapagazi pia, lakini aliye juu na bunduki ni askari. Na sisi wa Kariakoo tunalijua jina letu limetoka wapi. Ni jina la Kiingereza la jeshi la wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, ambalo midomo yetu ililitengeneza. Soko kubwa, maduka, mabasi, biashara yote ile imesimama juu ya jina la wabeba mizigo. Wangapi kati yetu wanaweza kumtaja mpagazi mmoja?

Sasa nakuja kwenye bati.

Tuliporudi nilikwenda ofisini kuweka vitabu vya hesabu ya safari. Nikafungua kabati la chini, ambamo mmehifadhi daftari za wanachama za zamani. Nilikuta mbili zimeshikamana kwa unyevu. Wino umetembea. Nilifunua ukurasa mmoja kwa ncha ya kisu, nikasoma majina sita, la saba likanishinda.

Mzee wetu aliyekaa nyuma, ninasimama mbele ya wanachama kusema kwamba ulikuwa na haki, nami nilikuwa na haki nusu. Nilidhani unachagua bati mimi nachagua historia. Kumbe historia ya tawi hili iko chini ya bati lile lile. Nimewachukua watu kilomita 70 kwenda kusikitika kwa kaburi lisilo na jina, na huku majina ya wazee wetu yanageuka uji kabatini kwetu.

Naomba tupitishe mambo matatu.

La kwanza, bati. Baki ya fedha ya safari ni shilingi 86,000, na risiti zote ziko kwa Mtunza Fedha, kila mwanachama anaweza kuzitazama. Naomba baki hiyo iwe mwanzo wa mchango wa bati, na wale 27 tuliosafiri tuwe wa kwanza kuchanga. Tuliostarehe ndio tuanze kulipa.

La pili, daftari. Kila balozi atafute katika eneo lake mzee mmoja, awe mvuvi, mkaanga samaki, kuli, fundi au mchuuzi, akae naye na kumwuliza: wazazi wako walitoka wapi, walifika mji huu kwa njia gani, walifanya kazi gani, walizikwa wapi. Aandike kama alivyosikia, bila kupamba. Na asiyetaka kusema asilazimishwe. Ziko nyumba ambazo kimya chake kina sababu, na chama si polisi. Lakini anayetaka kusema asikose wa kumwandika. Vijana mliomaliza shule na mnakaa vijiweni, kalamu mnazo na kusoma mnajua. Kazi hii ni yenu.

La tatu, ulinzi. Nchi yetu ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyotungwa miaka mitatu tu baada ya Uhuru. Inalinda majengo ya kale. Wakubwa wa siku zile walikuwa na shida chungu nzima, shule hazitoshi, madaktari hawatoshi, lakini waliona kwamba hata jiwe lina haki yake. Sheria hiyo haina mikono. Mikono ni yetu. Mwanachama akiona mtu anabandua kaure kaburini, au anachota mawe ya magofu akajengee msingi, au kiwanja kinapimwa juu ya makaburi ya wazee, asipige kelele peke yake barabarani. Alete habari tawini, nasi tuipeleke kwa maandishi panapohusika, na tudai jibu la maandishi.

Safari nyingine tutakapoweza, na bati likiwa limekwisha, hatutakodi basi. Tutavuka kivuko hapa hapa Feri, twende Mbuamaji upande wa Kigamboni, penye magofu na makaburi ya kale, na jirani yake Gezaulole, kijiji cha Ujamaa cha miaka ya 1970. Jina hilo kwa Kizaramo ni kusema jaribu uone. Tukatazame mambo mawili kwa siku moja, walivyoishi wa kale na walivyojaribu wa juzi. Tuulize palipofaulu na palipoharibika, na tusiogope jibu.

Namalizia. Yule mtoto aliyeniuliza darasani sasa lazima amekuwa kijana mkubwa. Sijui yuko wapi. Nikikutana naye nitamwambia: vijiji vyetu vya kale vipo, kimoja umekikanyaga leo asubuhi ulipokwenda kununua samaki. Na kama ataniuliza tena viko wapi, nitampa daftari na kalamu, nimpeleke kwa mama mkaanga samaki, akamsaidie kuandika jina la bibi yake mara ya pili.

Mama mwenyewe ameniambia jina hilo. Amekubali liandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari letu, siku bati litakapopigwa misumari. Kabla ya hapo hataki, na mimi namuunga mkono.

Ndugu Mwenyekiti, hesabu yangu imekwisha. Nangoja maswali, na kwanza ningependa lije la mzee wetu wa nyuma.

Uhuru na Kazi!